Mashine Aliyoivua James

Garsen,
5 Mei 2025

Mzee James,

Pole na kulala. Nilikuwa nije mwenyewe leo, lakini barabara ya huko kwenu Wema imekuwa matope tena na simu zenu hazishiki, siku ya tatu sasa. Nimemkuta mdogo wako Zakaria hapa Garsen amekuja kununua mbegu, basi nampa mzigo huu akuletee. Someni barua yote kabla ya kuufungua.

Kila nikija unaniuliza, "Binti, utanisimamisha lini?" Hata mimi nina haraka. Kiharusi kilikupiga Februari. Miezi hii ya kwanza ndiyo mguu unakubali kufundishwa. Ukiachwa umelala tu, mishipa ya nyuma inakaza, kisigino kinapanda juu, na kukishusha tena ni kazi ya machozi.

Lakini kumsimamisha mtu aliyelala miezi mitatu si jambo la miguu peke yake. Moyo ndio unaopandisha damu kichwani. Nilipokushika mkono wiki ile niliona mapigo yanaruka. Kile kipimo cha nyaya ulichofanyiwa hapa kinautazama moyo kwa sekunde chache. Kikitoka kizuri, ni kizuri kwa hizo sekunde tu, na mimi mazoezi yangu ni ya saa nzima. Ndiyo maana nimeazima mashine hii Malindi. Utaivaa kifuani siku nzima, mchana na usiku, kutoka saa nne asubuhi mpaka saa nne ya kesho yake. Inaandika kila pigo. Pamoja nayo kuna daftari. Zakaria aandike humo kila saa unachofanya: amekula, amelala, amekasirika, ameenda choo. Mimi nitaweka daftari na mapigo pamoja, nijue moyo wako unavumilia nini.

Mashine lazima irudi Malindi Ijumaa, na nitaipata tena Julai. Zile stika zinazoshika nyaya kifuani zikitoka kwa jasho, msihangaike. Irudisheni hivyo hivyo, mniambie, tutarudia Julai.

Ni mimi,
Kadra Farah, wa mazoezi ya viungo


Wema,
8 Mei 2025

Daktari Kadra,

Salamu kutoka kwetu. Mimi ni Zakaria, yule unayenikuta nimembeba James mgongoni ukija. Naandika mimi kwa sababu mkono wake wa kuandika ndio ule uliolala, na tangu kiharusi maandishi yanamcheza machoni, kwa hivyo barua zako pia namsomea mimi. Nilifika darasa la saba, utavumilia mwandiko.

Mashine nairudisha na huyu Nyale wa boda. Kaka aliivaa. Alilalamika kidogo, alisema, "Mnanifunga nyaya kama redio, mtashika stesheni gani?" Mkewe Loise akamwambia, "Tunatafuta ile ya kunyamaza." Tukacheka sana. Daftari limejaa, hakuna saa iliyorukwa.

Nina maswali kidogo. Hii mashine inashika sauti za watu? Inaonyesha mtu alikuwa mahali gani? Nauliza tu, kwa sababu ile taa yake ndogo ilikuwa inawaka wakati wote.

Pia nauliza, karatasi ikitoka nzuri, utamsimamisha wiki hiyo hiyo au utangoja? Ingefaa wiki hiyo hiyo.

Zakaria


Garsen,
19 Mei 2025

Mzee James, na Zakaria,

Majibu yamerudi na hayakuwa niliyoyatarajia.

Saa za kwanza ziko sawa. Saa nane mchana kuna pengo la nusu saa, nadhani stika zilitoka mkazibandika tena. Baada ya hapo, mara nne mapigo yamekimbia ovyo bila mpango, hadi mia moja na sabini kwa dakika. Saa kumi na moja jioni yamekimbia, na daftari linasema "amekaa kivulini." Saa kumi na mbili na robo asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote, na daftari linasema "ameenda choo."

Moyo ukikimbia hivyo mtu akilima, naelewa. Ukikimbia hivyo mtu amekaa kivulini, mimi naogopa. Nimemwonyesha daktari na yeye hakupenda.

Kwa hivyo, Mzee, hatusimami. Najua utanikasirikia. Usikae ukingoni mwa kitanda bila mtu. Zakaria, mnyooshe mguu taratibu asubuhi na jioni, basi. Daktari ametoa vidonge vya kutuliza mapigo, nusu asubuhi na nusu jioni, Nyale anavyo. Tarehe thelathini mleteni Garsen, tumwandikie aende Malindi kupigwa picha ya moyo.

Nasikitika. Nilitaka habari nyingine kabisa.

Kadra


Wema,
24 Mei 2025

Daktari Kadra,

Barua imefika na dawa pia. Kaka ameanza kumeza.

Nimekuwa nikifikiria. Mashine kama hiyo, imezunguka Malindi mpaka kwetu kwa pikipiki kwenye matope, haiwezi kukosea? Redio yetu ikinyeshewa inashika Somalia. Na tena, mtu akiwa na moyo mbaya si angeonekana? Si angekuwa amekonda, midomo imebadilika? Mtu anayekula na kucheka na kubeba vitu vizito, mashine ikisema ni mgonjwa, unaamini mtu au unaamini mashine?

Nasema mfano tu, kaka habebi kitu.

Hiyo tarehe thelathini sijui. Mto umepanda. Tutaona.

Zakaria


Garsen,
2 Juni 2025

Mzee Zakaria,

Tarehe thelathini nimewangoja mpaka saa tisa. Mto haukuwa umepanda, nilimwuliza Nyale. Nyale pia ameniambia kitu kingine: kwamba umempa barua ya kuniletea mara mbili na mara mbili umemrudisha njiani. Barua gani hiyo?

Loise amepata simu Jumapili akanipigia. Anasema James ameanguka kutoka kwenye kigoda, kichwa kilimzunguka, na mguu umeanza kukauka. Analia. Anasema wewe hulali, unazunguka nyumba, ukiulizwa unasema unatafuta jembe.

James alikuwa mtu wa maneno. Loise anasema sasa hasemi. Mara ya mwisho nilipomwona alinitania kwamba nikimsimamisha atanipeleka kwetu Madogo kwa miguu akaniombee mchumba. Mtu kama huyo hanyamazi bure.

Kuna kitu hamniambii. Niandikie.

Kadra


Wema,
9 Juni 2025

Daktari Kadra,

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza nilimpa Nyale, kisha nikamkimbilia mpaka kivukoni nikaichukua. Ya pili nilimpigia simu akiwa ameshafika lami. Akarudi, akaniuliza, "Mzee, hii ni ya mapenzi ama ni ya korti?" Hii ya tatu nimemwambia hata nikimwita asisimame.

Yule uliyempima si James. Ni mimi.

Ilikuwa hivi. Saa nne tulimvalisha, Loise akiona. Kisha Loise akaenda kupalilia mpunga, tukabaki wawili. Jua likawa kali, jasho likamtoka, stika zikaanza kufunguka. Saa nane akaingiza mkono wa kushoto ndani ya shati akazivuta zote pamoja na nywele za kifua. Akasema, "Toa hiki kitu. Silali na kitu kinachoniandika." Nikamwambia, kaka, ni mpaka kesho tu. Akasema, "Basi kivae wewe," akageukia ukutani.

Alisema kwa hasira tu. Mimi nikaenda nyuma ya ghala nikakivaa.

Ulikuwa umeandika tusihangaike, tuirudishe, turudie Julai. Nililisoma hilo, siwezi kusema sikulisoma. Lakini niliona Julai ni mbali sana. Nikajiambia sisi ni tumbo moja, baba mmoja na mama mmoja, sauti zetu watu hawazitofautishi kwa simu. Damu ni ile ile, moyo utakuwa ule ule. Na wangu ni mzima, mimi nabeba gunia la mahindi kutoka mtoni mpaka ghalani. Nikaona nampa kaka karatasi safi, wewe umsimamishe, yaishe.

Na kwa nini nilitaka yaishe? Hapa ndipo niliichana ile barua ya kwanza. Nimechoka kumbeba, daktari. Watu wananisifu kanisani, wanasema Zakaria ni ndugu, na mimi nikimwinua asubuhi nasema moyoni maneno ambayo nikikuandikia utanichukia. Nilitaka asimame ili ashuke mgongoni mwangu. Si kwa ajili yake.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa napiga kasia kurudi na mahindi, mkondo unanisukuma nyuma. Nikaandika "amekaa kivulini." Alikuwa amekaa kivulini kweli. Kila nilichoandika kwenye lile daftari ni kweli ya James. Mapigo tu ndiyo yalikuwa yangu.

Asubuhi saa kumi na mbili na robo nilikuwa nimembeba kwenda choo. Choo chetu tulikijenga juu kwa sababu ya mafuriko. Nilipofika mlangoni kifua kikanibana, macho yakaona vinyota, nikasimama nimeshika nguzo. Yeye mgongoni akasema, "Vipi, punda amekwama?" Nikacheka. Nikaandika "ameenda choo."

Yeye na Loise niliwaambia zile saa alizovaa zilitosha. Waliamini.

Majibu yako niliyasoma nimesimama njiani. Kitu cha kwanza nilichofikiria si James. Nilifikiria, afadhali jina lililoandikwa ni lake. Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilikunja karatasi nikaingia ndani nikamwambia, kaka, moyo wako umechoka, usitikisike. Nikamwachia ugonjwa wangu alale nao.

Amemeza dawa yangu siku kumi. Siku ya kumi ndiyo akaanguka kigodani. Tangu hapo simpi. Nimemwambia wewe umesema aache. Loise anadhani bado anameza, kwa sababu kila asubuhi napita mbele yake na kikombe cha maji na kidonge, naingia chumbani, nakimeza mimi. Siku ya nne kifua kikaacha kunifinya. Siku ya tano nilipanda kutoka mtoni bila kusimama. Hapo nikajua mwenye ugonjwa ni nani, na sikuhitaji mashine.

Kwa hivyo nimekuwa napona kwa dawa iliyoandikwa jina lake, na yeye anakauka. Jana nilimshika kisigino nikasukuma. Hakikushuka. Nikasukuma tena, akasema, "Acha, Zakaria, hicho kimeshakufa." Alisema kwa upole. Angenitukana ningelala.

Kama kuna sheria ya kunishtaki, nishtaki. Lakini kwanza mwambie daktari kwamba James asipelekwe popote kwa moyo usio wake. Yeye bado sijamwambia.

Zakaria


Garsen,
10 Juni 2025

Mzee Zakaria,

Nimesoma. Nilivyokasirika sitaandika, karatasi haitoshi.

Kwanza sikiliza, kisha tutagombana baadaye. Usimbebe James tena, hata mara moja, hata kwenda choo. Tafuteni watu wawili na kiti. Usipige kasia, usibebe gunia, usibebe hata ndoo. Hivyo vidonge usiviache ghafla, moyo uliozoea kutulizwa ukiachiwa mara moja unaruka vibaya kuliko mwanzo. Endelea vile vile, na uje na vilivyobaki. Kesho keti nyuma ya Nyale, yeye ndiye aendeshe, uje moja kwa moja kwa daktari wetu. Atakupima kwa zile nyaya hapa na kukuandikia Malindi kwa picha ya moyo. Ile safari ya James sasa ni yako.

Kuna kosa langu pia. Niliona "ameenda choo" na mapigo ya mtu anayepanda mlima. Na mimi najua James haendi choo, anapelekwa. Ningejiuliza swali moja tu, anapelekwa na nani, tungekuwa tumeokoa wiki tatu. Sikujiuliza. Niliitazama karatasi, mtu nikamsahau. Hilo nimemwambia daktari, na jina langu liko kwenye hiyo ripoti.

James nitamleta hapa Garsen akae karibu. Malindi wamekubali kunipa mashine mapema. Ataivaa mbele yangu na mimi nitakaa pale. Nikiona moyo wake unavumilia, siku hiyo hiyo nitaanza.

Kumwambia ni kazi yako. Mimi nitamwambia tu kwamba kipimo kinarudiwa. Lakini mzee yule si mjinga, ataniuliza kwa nini, na mimi sitamdanganya. Kwa hivyo fanya haraka.

Na hayo ya tumbo moja yaache. Mimi nimezaliwa pacha, dada yangu Nimo yuko Madogo. Tumetoka siku moja, mama mmoja. Yeye ana pumu tangu utoto, mimi sina. Hakuna aliyewahi kumpulizia dawa Nimo kwa kunipima mimi.

Kadra


Malindi,
18 Juni 2025

Kaka James,

Nilikuaga nikasema naenda kutafuta spea ya pampu. Hakuna pampu. Niko hospitali Malindi, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Nakuandikia kwa sababu ukinitazama nashindwa. Loise akusomee. Loise, tafadhali usiruke mstari hata ukiona ni mbaya.

Ile siku uliposema "basi kivae wewe," nilikivaa.

Nilikivaa nyuma ya ghala nikalala nacho. Yale mapigo mabaya ni yangu. Moyo wako haukupimwa sawasawa mpaka ulipofika kwa Kadra. Nilikuambia umechoka, haukuwa umechoka. Nilikuambia usitikisike, ungepaswa kutikiswa kila siku. Nilikupa vidonge vyangu mpaka ukaanguka. Barua za Kadra ziko nyumbani kwangu, chini ya godoro. Nilikuwa nakusomea nilichotaka. Loise akazichukue azisome zote.

Nimelala hapa nimejaribu kutafuta namna ya kulisema hili lisiwe baya hivyo. Sijaipata.

Hapa wamenipima kwa kila namna. Wamenipaka kitu baridi kama ute wa yai kifuani, kijana mmoja akanilaza upande wa kushoto, akawa anabonyeza na chuma, na kwenye kioo nikauona moyo wangu. Kaka, ni kitu kidogo. Ndani yake kuna milango, inafunguka na kufunga. Mmoja wangu umekaza, haufunguki wote, damu inabanana hapo nikitumia nguvu. Wanasema ni kitu cha zamani. Daktari akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa homa na magoti kuvimba. Nikakumbuka ile ya darasa la pili, mama akinikanda magoti, na wewe ukinibeba kwenda shule wiki nzima.

Nikamwambia daktari, ndiyo, niliumwa. Yale mengine ya kunibeba sikuweza kumwambia.

Nilitaka pia kipimo kile cha kutembea juu ya mkanda unaozunguka, nimeona wengine wakifanya, nikadhani ni cha kuonyesha nguvu. Wamenikataza. Wamesema kwa mlango kama wangu watu wanaanguka pale. Miaka yote hii nimekuwa nakifanya hicho kipimo kila asubuhi na gunia kichwani, hakuna aliyenikataza.

Kadra anasema wiki tatu nilizokufichia ni wiki ambazo mguu wako ulikuwa bado laini. Hizo siwezi kuzirudisha. Ningeweza kukuambia nilifanya kwa kukupenda, ndivyo nilivyojiambia siku ile. Lakini nilifanya kwa kuchoka, na nikanyamaza kwa uoga. Niliona bora ufe wewe kwa jina kuliko mimi kwa kweli.

Nikiruhusiwa, nirudi nyumbani au nisirudi? Nyale anaweza kunishusha kwa binamu yetu Tarasaa, nitakaa huko mpaka utakaposema.

Nisamehe, kaka.

Zakaria


Garsen,
29 Juni 2025

Shemeji Zakaria,

Mimi ni Loise. James amesema niandike kila neno linalomtoka, hata yale mabaya. Nimekubali, isipokuwa matusi mawili ya kwanza nimeyaruka, utayasikia kwa mdomo wake mwenyewe.

Zakaria.

Barua yako Loise alinisomea. Nikamwambia arudie. Nikamwambia anyamaze. Siku mbili sikula.

(Alikula. Siku ya pili alikula samaki wawili. L.)

Unajua nilikuwa nafanya nini wiki tatu zile nimelala? Nilikuwa nahesabu mapigo yangu. Kidole shingoni, mchana kutwa. Niliogopa kukohoa. Loise akinichekesha nilimfukuza, kwa sababu nilidhani kicheko kitaniua. Nilimwita Rebecca wa kwaya nikamchagulia nyimbo za kunizika, akaandika, akalia, nikamwambia ile ya tatu waimbe polepole. Wewe ulikuwa hapo mlangoni na kikombe chako cha maji. Ulisikia nikichagua. Hilo ndilo linaloniuma, si ile mashine. Mashine ni ujinga. Lakini ulisimama ukasikia ile ya tatu.

Na usiniwekee maneno mdomoni. Sikukubeba wiki nzima. Nilikubeba siku mbili, ya tatu nikakuacha kwa mwalimu Levi nikaenda kuvua, mama akanichapa. Kwa hivyo hilo usiniletee kama deni. Hatudaiani hapo.

Ni kweli nilisema kivae. Ningekuwa nimetulia ile mashine isingetoka. Lakini sikusema uniandikie mapigo yako.

Kadra amenivalisha upya. Alikaa kwenye kiti akanichunga kama polisi wa kituo, kila nikijikuna ananiita jina. Majibu yametoka. Moyo unaruka kidogo hapa na pale, Kadra amesema ni moyo wa mtu wa miaka sitini aliyekula chumvi nyingi, si wa kumzuia mtu kusimama. Jumanne wamenisimamisha katikati ya vyuma viwili. Kadra mbele, Loise nyuma ameshika suruali. Kadra alikuwa ananishika mkono anahesabu mapigo, na mimi nahesabu kwa sauti. Nilifika kumi na moja. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Ningefika kumi na tano lakini kisigino cha kulia hakigusi chini. Wameweka kibao chini yake. Nimemwuliza kitagusa lini, amesema kingegusa mwezi uliopita, sasa hajui, labda kitagusa, labda nitatembea na kibao ndani ya kiatu maisha yangu yote.

Hiyo ni yako, Zakaria. Sikufichi na sikupunguzii.

Nimemwuliza pia habari yako. Anasema huo mlango wanaweza kuupanua Mombasa, wanapitisha kitu chembamba kutoka kwenye paja mpaka moyoni. Nikamwuliza, na akitoka huko? Akasema, "Akitoka huko ataletwa kwangu, nimfundishe kutembea kwa dakika, kidogo kidogo, nikimhesabia, kama wewe." Nikacheka mpaka Loise akaogopa. Yule aliyekuwa akipita na gunia akinionyesha mabega, atatembea kwenye ile veranda na binti mdogo akimwambia pumzika.

Loise ananiambia niseme kitu kizuri. Haya. Choo cha hapa ni cha kukaa na kiko karibu. Wanaonipeleka ni wawili, mmoja Boru, mfugaji, amekuja na mama yake mgonjwa. Ananibeba kama anabeba ndama, hana utani. Nimemwita punda hakuelewa.

Sasa hilo la msamaha. Umeniomba, na Loise amekaa hapa na kalamu anangoja nilitamke. Silitamki. Nikikusamehe nimekaa, wewe utasema alikuwa mgonjwa, angefanya nini. Na mimi pia nitajiambia hivyo. Nataka kukusamehe siku nitakayosimama sijashika chuma, na wewe uwe umesimama mbele yangu, tunatazamana macho. Kadra anasema nikifanya bidii ni Septemba, nikifanya kiburi ni Desemba.

Kwa binamu usiende, Tarasaa hakuna gari la hospitali. Kaa hapo Malindi mpaka wakuite Mombasa, na wakikuita nenda, usianze tena mambo ya kurudisha barua njiani. Fanya wanachokuambia. Ukifa kabla mimi sijasimama, Zakaria, ujue umekufa hujasamehewa.

Kaka yako,
James,
kwa mkono wa Loise